Kumbukumbu Tendaji na Demensia: Watafiti Hupima Nini Hasa?

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mzee anayeanza kupatwa na demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujitunza, huweza kupokea wageni kwa muda mrefu bila mgeni hata mmoja kushuku lolote. Shikamoo huitikiwa marahaba kwa wakati wake, hali za watoto na wajukuu huulizwa, mvua na mavuno hutajwa, na kila jibu hufuata swali lake kwa utaratibu uliozoeleka tangu utotoni. Mambo hubadilika mazungumzo yanapotoka nje ya njia hiyo: mtu anapoeleza kisa kirefu chenye watu watatu ndani yake, au binti anapomwomba mama yake abandike maji ya chai, apunguze moto wa maharage, kisha amwite jirani aliyeko uani. Mama hubandika maji, akasimama, na yaliyofuata yakawa yameshamtoka. Watu wa nyumbani husema kwamba amesahau, na wana haki ya kusema hivyo, lakini wanasaikolojia wametumia takriban nusu karne kuonyesha kwamba kinachomponyoka hapo ni tofauti na kile kinachompotea anaposhindwa kukumbuka harusi aliyohudhuria mwezi uliopita.

Kinachomponyoka hapo kinaweza kuitwa kumbukumbu tendaji, nayo ni uwezo wa akili kushika taarifa chache kwa sekunde kadhaa na wakati huohuo kuzifanyia kazi. Mtu anayetajiwa lipa namba dukani akaiweka kichwani mpaka amalize kuibonyeza kwenye simu anaitumia. Anayepiga hesabu ya chenji bila kalamu anaitumia zaidi, kwa kuwa hazishiki tarakimu tu bali anazigeuza. Na mchezaji wa bao anayetaka kujua kete yake ya mwisho italala wapi kabla mkono haujagusa ubao anaitumia pengine kuliko wote, maana hana budi kuyaona moyoni mashimo yanayojaa na yanayobaki matupu katika mzunguko ambao bado haujatokea. Kumbukumbu ya muda mrefu huhifadhi mambo ya mwaka jana na ya utotoni. Kumbukumbu tendaji hushughulika na ya sasa hivi, na yaliyomo ndani yake yasiporudiwarudiwa hufutika mara moja.

Mwanasaikolojia wa Marekani George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba mtu mzima hushika kwa mara moja vitu vipatavyo saba, viwili zaidi au viwili pungufu, na tathmini za baadaye, hasa ile ya Nelson Cowan ya mwaka 2001, zimeishusha idadi hiyo hadi karibu vinne iwapo mtu atazuiwa kuvirudia kimoyomoyo au kuvipanga mafungumafungu. Kwa uchunguzi wa demensia, hata hivyo, lililoleta tija kubwa zaidi ni pendekezo la Alan Baddeley na Graham Hitch, waliotoa hoja nchini Uingereza mwaka 1974 kwamba kumbukumbu hii si chombo kimoja. Kipo kitanzi cha sauti, kinachoshika maneno na tarakimu kwa kuyarudia ndani kwa ndani. Lipo daftari la picha, linaloshika maumbo na mahali vitu vilipo. Na juu ya hivyo viwili yupo waliyemwita msimamizi mkuu, ambaye kazi yake ni kugawa usikivu, kuamua lipi lifuatwe na lipi lipuuzwe, na kuziendesha pamoja shughuli mbili zinazogombania akili moja. Mwaka 2000 Baddeley aliongeza sehemu ya nne, inayounganisha yanayosikika, yanayoonekana na yanayokumbukwa ya zamani kuwa tukio moja. Nadharia hiyo ina wapinzani, na baadhi yao husema, si bila sababu, kwamba msimamizi mkuu ni jina tu lililopewa jambo ambalo bado halijaelezwa; lakini iliwapa watafiti wa demensia swali linaloweza kupimwa, yaani ni sehemu ipi inayoharibika, na inaanza kuharibika lini.

Swali hilo lilichelewa kuulizwa, ingawa dalili zake zilikuwa zimeandikwa tangu mwanzo. Novemba 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alianza kumhoji Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51, na jalada la mahojiano hayo, lililopatikana tena mwaka 1995 baada ya kupotea kwa miongo mingi, linaonyesha kwamba mgonjwa alionyeshwa vitu vya kawaida kama kalamu na ufunguo, akavitaja vyote sawasawa, kisha baada ya muda mfupi asijue alionyeshwa nini. Alipotakiwa kuandika jina lake kamili, aliandika neno la kwanza, lile la heshima apewalo mwanamke aliyeolewa, akasita, ikabidi akumbushwe kila neno lililobaki. Mtaalamu wa leo akisoma kurasa hizo huona upungufu wa aina mbili: mmoja ni wa kuhifadhi jambo jipya, na mwingine ni wa kulishikilia lengo la tendo ambalo tayari limeanza. Auguste Deter alifariki mwaka 1906, Alzheimer akauchunguza ubongo wake kwa hadubini na kuona mabaki ya protini na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli, na mwaka 1910 Emil Kraepelin akayapa maradhi hayo jina la daktari huyo. Kwa miongo mingi iliyofuata upungufu wa kwanza ndio uliopata macho ya watafiti, hasa baada ya kugundulika kwamba hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kuhifadhi mambo mapya, huwa miongoni mwa zinazoshambuliwa mapema.

Upungufu wa pili ulipata majaribio yake yanayostahili katika miaka ya 1980, Baddeley na mwenzake Robert Logie waliposhirikiana na madaktari wa Italia, wakiwemo Hans Spinnler na Sergio Della Sala, kuwapima wagonjwa wa Alzheimer mjini Milano. Ugumu wao ulikuwa huu: mgonjwa wa demensia hufanya vibaya karibu kila jaribio analopewa, kwa hiyo kusema kwamba amefanya vibaya jaribio fulani hakuelezi chochote kuhusu kilichoharibika. Njia waliyoitumia kuukwepa ugumu huo inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake umo ustadi wote wa utafiti wa namna hii. Kila mshiriki, awe kijana, mzee mwenye afya au mgonjwa, alipewa kalamu ya mwanga na kutakiwa kukifuata kijiraba kilichokuwa kikitembea kwenye kioo cha kompyuta, na kasi ya kijiraba ikarekebishwa mpaka watu wa makundi yote matatu wakawa wanakipata kwa kiwango kilekile. Kisha ikapimwa idadi ya tarakimu ambazo kila mmoja aliweza kuzirudia bila kukosea, naye akapewa orodha zenye urefu wa uwezo wake mwenyewe, kusudi aliyeweza nne asishindanishwe na aliyeweza saba. Hadi hapo hakuna aliyekuwa amemzidi mwenzake, maana kila mmoja alikuwa amepimiwa kazi ya kimo chake.

Ndipo kazi hizo mbili zikafanywa kwa pamoja. Vijana walipungua kidogo, na wazee wenye afya, waliotarajiwa na wengi kuanguka, nao walipungua kwa kiasi kilekile cha vijana. Wagonjwa wa Alzheimer walishuka vibaya sana, ingawa kila kazi peke yake walikuwa wakiimudu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1986, na mwaka 1991 kundi hilo likatoa taarifa ya wagonjwa waliopimwa tena kila baada ya miezi sita, ikionekana kwamba uwezo wa kuchanganya kazi mbili uliendelea kuporomoka wakati uwezo wa kufanya moja moja ulikuwa haujabadilika sana. Kwa lugha ya nadharia ya mwaka 1974, kitanzi cha sauti na daftari la picha vilikuwa bado vikifanya kazi kwa kiasi fulani, na aliyekuwa ameelemewa ni msimamizi.

Uzuri wa tokeo hilo ni kwamba linatenganisha mambo ambayo katika maisha ya kila siku huchanganywa. Uzee wenyewe hupunguza kasi ya kufikiri na idadi ya vitu vinavyoshikika, na hilo humpata kila anayejaliwa umri mrefu. Kushindwa kuunganisha kazi mbili nyepesi ni habari nyingine. Vivyo hivyo sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, ambayo kwa wazee huja mara nyingi kwa sura ya usahaulifu na humlaghai hata daktari, haikuonekana kuleta upungufu huo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliowalinganisha wagonjwa wa Alzheimer, wagonjwa wa sonona na wazee wenye afya. Kompyuta na kalamu ya mwanga si vifaa vya kila zahanati, na tangu miaka ya 1990 limekuwepo toleo la karatasi na kalamu, ambamo mtu huweka alama katika visanduku vilivyopangwa mfululizo huku akirudia tarakimu anazotajiwa, kwa muda wa dakika mbili hivi.

Wapo pia watafiti waliolifikia jambo hilohilo kwa miguu. Mwaka 1997 madaktari wa Umeå, Uswidi, walieleza kwamba miongoni mwa wazee waliokuwa wakiishi katika makazi ya kutunzwa, wale waliosimama kila walipoongeleshwa njiani walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka katika miezi iliyofuata. Kutembea huonekana kuwa jambo lisilohitaji akili mpaka akili ipungue, na mzee anayesimama ili ajibu swali anafanya jambo la busara, kwa kuwa hawezi tena kuyabeba yote mawili.

Kipimo kilichowasogeza watafiti hadi kabla ya ugonjwa kuanza kinatoka mbali na Ulaya. Katika jimbo la Antioquia nchini Kolombia zipo koo kubwa zenye mabadiliko ya jeni ya kurithi, yanayojulikana kwa alama ya E280A, ambayo humfanya karibu kila aliyeyarithi apatwe na Alzheimer mapema: dalili za kwanza hujitokeza kwenye umri wa miaka 44 hivi, na demensia kamili kwenye miaka 49. Daktari Francisco Lopera, aliyefariki mwaka 2024, alizifuatilia familia hizo kwa takriban miongo minne, na kwa sababu vipimo vya damu vinaonyesha nani amerithi na nani hakurithi, iliwezekana kumpima mtu wa miaka 30 na ushei ambaye bado mzima kabisa, huku watafiti wakijua kinachomsubiri. Mario Parra, Della Sala na Logie, wakishirikiana na Lopera, waliwaonyesha watu wa koo hizo maumbo yenye rangi kwa muda mfupi sana, wakayaondoa, kisha wakaonyesha mengine na kuuliza iwapo ni yaleyale. Safari nyingine kilichobadilika kilikuwa umbo lenyewe au rangi yenyewe. Safari nyingine maumbo na rangi zote zilikuwa zimerudi, ila rangi zilikuwa zimebadilishana maumbo, hivi kwamba aliyekumbuka rangi peke yake na maumbo peke yake bila kukumbuka ipi ni ya lipi angejibu vibaya.

Waliorithi mabadiliko hayo ya jeni lakini hawajaugua walifanya sawa na ndugu zao wasiorithi katika maumbo peke yake, na katika vipimo vya kawaida vya hospitali hawakutofautiana nao, lakini walianguka pale umbo na rangi vilipotakiwa kushikwa pamoja. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2010. Majaribio mengine yameonyesha kwamba uzee wa kawaida hauudhoofishi sana uwezo huo wa kuunganisha, jambo linaloufanya ufae kama alama ya maradhi badala ya alama ya umri. Ni vyema hata hivyo kukumbuka kwamba familia za Antioquia zina aina ya Alzheimer iliyo nadra, na kwamba wengi mno wa wagonjwa duniani, ambao Shirika la Afya Duniani liliwakadiria kuwa milioni 57 mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, hawana jeni moja inayoweza kulaumiwa.

Idadi hiyo ya wagonjwa walio katika nchi zisizo tajiri inaleta tatizo ambalo maabara za Ulaya hazikulazimika kulifikiria kwa muda mrefu, nalo ni kwamba sehemu kubwa ya vipimo vya kumbukumbu tendaji hupima shule kabla ya kupima ubongo. Kipimo maarufu kilichotungwa Marekani mwaka 1975 na Marshal na Susan Folstein pamoja na Paul McHugh, chenye alama 30, humtaka mgonjwa atoe saba kutoka mia moja, kisha atoe saba tena, na tena, au alitaje neno kwa herufi kinyumenyume; na mzee ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika kalamu atazipoteza alama hizo akiwa na akili timamu kuliko anayempima. Hata kurudia tarakimu, ambako hakuhitaji kuandika, hakumhukumu aliyesoma na asiyesoma kwa haki sawa, hasa kinyumenyume, yaani pale mtu anapotajiwa tano, nane, mbili naye akatakiwa kujibu mbili, nane, tano. Uchunguzi wa mwaka 1998 uliofanywa na Alexandre Castro-Caldas na wenzake kwa wanawake wa Ureno, baadhi yao wakiwa hawajui kusoma, ulionyesha kwamba wasiojua kusoma walipata taabu kurudia maneno yasiyo na maana, ingawa maneno halisi waliyarudia vizuri, na picha za ubongo zikaonyesha kwamba kujifunza herufi hubadilisha namna ubongo unavyoshughulikia sauti zenyewe.

Lugha nayo ina ushuru wake. Kitanzi cha sauti, kama Baddeley na wenzake walivyoonyesha mwaka 1975, hushika takriban kiasi cha maneno ambayo mtu anaweza kuyatamka kwa sekunde mbili, kwa hiyo maneno marefu hujaza nafasi upesi. Mwaka 1980 N. C. Ellis na R. A. Hennelly walitumia kanuni hiyo kueleza kwa nini watoto wa Wales walionekana kuwa na uwezo mdogo wa kurudia tarakimu kuliko wenzao wa Kiingereza: majina ya tarakimu katika lugha ya Kiwelshi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa, na tofauti ilikuwa ya ulimi, haikuwa ya akili. Msomaji anaweza kuzihesabu mwenyewe tarakimu za Kiswahili: kuanzia moja hadi tisa zote zina silabi mbili mbili, wakati za Kiingereza karibu zote zina moja, na za Kichina zote zina moja. Mpimaji anayechukua kiwango cha London akakitumia Morogoro bila kukirekebisha atakuwa amempunguzia mzee wa Morogoro alama kabla hajafungua kinywa, na litakuwa kosa la mpimaji hata kama tafsiri yake ya maelekezo ni safi.

Kazi iliyoheshimu matatizo haya zaidi kuliko nyingi katika ukanda huu ilifanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi na kukuta, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, kwamba asilimia 6.4 yao walikuwa na demensia baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri. Kutokana na takwimu za Hai kilitungwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, chenye alama 15, ambacho hakimtaki mzee aandike, asome wala atoe saba kutoka mia moja. Huulizwa leo ni siku gani na mkuu wa kijiji ni nani. Huulizwa daraja ni nini. Hutakiwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, akumbuke maneno kumi aliyotajiwa mwanzoni, na apange njiti za kiberiti kwa kufuata umbo aliloonyeshwa. Njiti za kiberiti ni wazo la werevu wa kweli, kwa kuwa mkono uliolima na kusuka bila kuwahi kuchora unazijua, na kwa sababu kupanga njiti nne kwa mwelekeo sahihi, vichwa vikiwa upande wake, kunahitaji mtu alishike umbo akilini wakati anashughulika na njiti moja moja. Kutaja wanyama nako, ambako huonekana mchezo wa watoto, ni mzigo kwa msimamizi mkuu: aliyetaja ng'ombe, mbuzi na kondoo lazima ajue ameshawataja, aachane na zizi, aingie porini, na akumbuke bado anatafuta wanyama.

Mengine yanayoharibu vipimo hayamo katika karatasi. Mzee asiyesikia vizuri hutumia nguvu nyingi kuyapambanua maneno, na kinachobaki cha kuyashika huwa kidogo. Upungufu wa kusikia umetajwa pia na tume ya jarida la Lancet, katika ripoti ya mwaka 2024, kuwa miongoni mwa vihatarishi 14 vya demensia vinavyoweza kupunguzwa. Dawa za kawaida kama klorfeniramini ya mafua na mzio, au amitriptilini, huzuia asetilikolini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari na ambayo katika Alzheimer tayari imepungua, na matokeo yake yanaweza kufanana na demensia kwa mtu asiye nayo. Upungufu wa vitamini B12 na tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu huleta hali ya namna hiyohiyo, nazo hutibika. Tena yupo kijana wa chuo kikuu anayeketi mbele ya mtu wa rika la babu yake na kumwamuru ahesabu kurudi nyuma: asipoanza kwa salamu na maongezi ya kutosha, atakachopima ni uvumilivu wa mzee.

Manufaa ya utafiti huu kwa anayemtunza mgonjwa yameonekana zaidi katika mazungumzo. Watafiti wa Amerika Kaskazini, miongoni mwao Jeff Small na Susan Kemper, walipochunguza mwaka 1997 ni nini kinachomsaidia mgonjwa wa Alzheimer kuielewa sentensi, walikuta kwamba kuirudia kulisaidia, iwe kwa maneno yaleyale au kwa mengine yenye maana hiyo, na kwamba kusema polepole, jambo ambalo karibu kila mtunzaji hulifanya bila kuambiwa, hakukusaidia. Maelezo yake yanaingia akilini: sentensi inayovutwa hukaa hewani muda mrefu, na mwanzo wake huwa umeshafutika mwisho unapofika. Amit Almor na wenzake huko Kalifornia walionyesha mwaka 1999 kwamba wagonjwa huongea kwa viwakilishi vingi, yule na kile na huyo, lakini wenyewe huelewa vizuri zaidi jina linaporudiwa, kwa kuwa kiwakilishi humlazimu msikilizaji aendelee kumshika aliyetajwa.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa wasemaji wa Kiswahili. Katika sentensi kama "Asha alimwambia Fatuma kwamba ameshamlipa", aliyelipa na aliyelipwa wamebebwa na silabi moja moja ndani ya kitenzi, bila hata tofauti ya mwanamume na mwanamke, na msikilizaji lazima aamue nani ni nani kwa kumbukumbu tendaji na mantiki ya mazungumzo. Mzima hufanya hivyo bila kujua kwamba amefanya kazi. Kwa mgonjwa ni afadhali kusema kwamba Asha amemlipa Fatuma, hata kama sentensi itaonekana ya kitoto, na kama kuna jambo la pili la kusema, lisubiri la kwanza litendeke. Redio ikizimwa wakati wa kuzungumza, hapo ndipo utafiti wa Milano unapokuwa umefika jikoni.

Kuhusu tiba, dawa za donepezili, rivastigmini na galantamini, zinazozuia asetilikolini isivunjwevunjwe, humpa mgonjwa nafuu ndogo ya usikivu kwa muda, wala hazizuii maradhi kuendelea. Michezo ya kompyuta inayouzwa kwa ahadi ya kunoa kumbukumbu humfanya mtu awe hodari wa mchezo huohuo, na ushahidi kwamba uhodari huo huhamia kwenye kazi za nyumbani ni dhaifu. Kilicho na msingi imara zaidi ni tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi, iliyotungwa Uingereza na Aimee Spector na wenzake, yenye vikao 14 vya mazungumzo na shughuli mara mbili kwa wiki, nayo imejaribiwa pia Tanzania na Nigeria baada ya kurekebishwa kwa mazingira ya huko. Faida yake kwa kiasi fulani huenda ni ya kukutana na watu, na hiyo si hoja ya kuidharau.

Limebaki suala linaloutatanisha utafiti wote wa namna hii kutoka ndani. Kabla ya kupimwa, mshiriki husomewa fomu ya ridhaa inayoeleza madhumuni, hatari, faida, usiri na haki ya kujitoa, na mara nyingi fomu hiyo ina kurasa kadhaa. Kuielewa kunahitaji kulishika la kwanza mpaka la mwisho lisikike, yaani kunahitaji uwezo uleule ambao mshiriki anashukiwa kuupoteza. Tamko la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, huruhusu mwakilishi wa kisheria atoe ridhaa kwa niaba ya asiyeweza, lakini humtaka mtafiti atafute pia kukubali kwa mgonjwa mwenyewe, na kukataa kwake kuheshimiwe. Kwa hiyo watafiti makini huigawa fomu vipande vifupi, wakamwomba mzee aeleze kila kipande kwa maneno yake kabla ya kuendelea, na huuliza upya kila siku ya upimaji hata kama jana alikubali. Na mtoto mkubwa wa familia, ambaye kwa desturi ndiye msemaji wa nyumba, hulazimika kuelezwa kwamba saini yake haimfungi baba anayesema kuwa leo hataki.